Jiwe la Kusagia Jukwaani: Namna ya Kuuelewa Mchezo wa Wanawake wa Vitongoji vya Cape Town

Kila tarehe 9 Agosti Afrika Kusini hupumzika kazi kuadhimisha Siku ya Wanawake, na kila mwaka maneno yale yale husikika tena mikutanoni na redioni: Wathint' abafazi, wathint' imbokodo. Tafsiri iliyozoeleka duniani ni kwamba ukimpiga mwanamke umeupiga mwamba. Ni tafsiri yenye kishindo, lakini kuna kitu imekiacha njiani. Kitenzi ukuthinta, katika Kizulu, maana yake ni kugusa, na pia kuchokoza. Imbokodo nayo si mwamba wa mlimani. Ni lile jiwe laini, la kuenea kiganjani, ambalo mwanamke aliyepiga magoti hulisukuma mbele na kulirudisha nyuma juu ya jiwe pana mpaka mahindi yawe unga. Kwa Kiswahili tungesema: ukiwagusa wanawake, umegusa jiwe la kusagia.

Nimeanza na neno hili moja kwa sababu mchezo wa kuigiza uliobeba maneno hayo kama jina lake, Wathint' Abafazi, Wathint' Imbokodo, haueleweki sawasawa mpaka mtu aone kwamba jiwe linalozungumziwa ni chombo cha jikoni. Mchezo huo ulionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1986 na kundi la Vusisizwe, jina lenye maana ya kuliamsha taifa. Waliouunda ni waigizaji watatu, Thobeka Maqhutyana, Nomvula Qosha na Poppy Tsira, pamoja na mwongozaji Phyllis Klotz. Jukwaani hamna zaidi ya wanawake watatu sokoni, Sdudla, Mambhele na Mampompo. Wanauza machungwa, wanauza kuku hai, wanaita wateja, wanagombana kidogo, wanacheka sana, wanaimba. Kisha, bila pazia kufungwa wala taa kuzimwa kwa muda mrefu, mmoja wao anakuwa polisi, mwingine anakuwa mume, na biashara ya machungwa inageuka kuwa habari ya vibali, kufukuzwa mjini na maandamano.

Msomaji au mtazamaji wa mara ya kwanza huona mchezo huu kama umekatwakatwa. Hauna kisa kimoja kinachoanza, kupanda na kufikia kilele. Anajiuliza: kuku na sheria za serikali vinahusianaje? Jibu linapatikana nje ya ukumbi, katika namna maisha ya mwanamke Mwafrika mjini Cape Town yalivyofungwa na sheria tangu alipoamka mpaka alipolala.

Tuanze na mahali penyewe. Kinachoitwa kitongoji hapa si kijiji cha pembezoni. Watu wa kule hukiita ilokishi, neno lenye asili moja na lokesheni ya Kenya ya kikoloni, eneo ambalo serikali ilitenga kwa ajili ya makazi ya Waafrika nje ya mji wa Wazungu. Mzee wa Pumwani, Nairobi, angelitambua neno hilo mara moja. Langa, Nyanga na Gugulethu ni maeneo ya namna hiyo. Yalijengwa ili mji upate nguvu kazi asubuhi na usiwe na Waafrika usiku. Kwa hiyo swali la nani ana haki ya kulala hapo lilikuwa swali la serikali kabla ya kuwa swali la familia.

Sheria ya maeneo ya mijini ya mwaka 1945, hasa kifungu chake cha 10 baada ya marekebisho ya mwaka 1952, iliweka mambo hivi. Mwafrika hakuruhusiwa kukaa mjini zaidi ya saa 72 isipokuwa awe amezaliwa hapo na kuishi hapo mfululizo, au awe amemtumikia mwajiri mmoja kwa miaka 10 bila kukatiza, au awe ameishi hapo kihalali kwa miaka 15. Mke, binti asiyeolewa na mtoto wa kiume chini ya miaka 18 waliweza kukaa kwa mgongo wa mtu mwenye sifa hizo. Wengine wote walihitaji kibali cha ofisi ya kazi. Ukiisoma sheria hii kwa macho ya mwanamke, unaona kwamba mara nyingi haki yake ya kuwepo mjini haikuwa yake. Ilikuwa imeshonwa kwenye koti la mwanamume. Mume akifa, akimwacha, au akipoteza sifa zake, mke angeweza kugongewa muhuri wa kuondoka. Binti akiolewa na kijana asiye na sifa, naye alijitia mashakani. Ndoa, talaka, msiba na hata harusi vikawa mambo ya kujadiliwa dirishani, mbele ya karani.

Chombo cha kuisimamia sheria hii kilikuwa kitabu cha kumbukumbu ambacho kila Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kutembea nacho, chenye picha yake na sahihi ya mwajiri. Wenyewe walikiita dompas, kwa maana ya pasi ya kijinga. Wasomaji wa Kenya wana neno lao tayari: kipande, kile ambacho wanaume wa Kiafrika walivishwa shingoni ndani ya kikebe cha chuma tangu karibu mwaka 1920. Huko Afrika Kusini pia pasi zilikuwa kwa muda mrefu mzigo wa wanaume. Jaribio la kuwabebesha wanawake katika jimbo la Free State lilizua upinzani mkali huko Bloemfontein mwaka 1913, ambapo jina la Charlotte Maxeke hutajwa kila mara, na serikali ikarudi nyuma. Makaburu walipojaribu tena katika miaka ya 1950, wanawake wapatao 20,000 walikwenda Pretoria tarehe 9 Agosti 1956, wakiongozwa na Lilian Ngoyi, Helen Joseph, Rahima Moosa na Sophia Williams. Wengi walibeba watoto mgongoni, na baadhi walikuwa na watoto wa Kizungu waliokuwa wakiwalea kwa mshahara. Waziri Mkuu J. G. Strijdom hakutokea kuwapokea. Waliziacha karatasi zao za malalamiko ofisini kwake, wakasimama kimya kwa dakika 30, kisha wakaimba wimbo ule wa imbokodo. Pasi zilikuja hata hivyo. Kufikia mwaka 1963 zilikuwa lazima kwa wanawake.

Cape Town ilikuwa na ubaya wa ziada. Tangu mwaka 1955 serikali ilitangaza kwamba upande wa magharibi wa Cape ungekuwa eneo la kazi kwa watu wa asili mchanganyiko kwanza, na Waafrika wapunguzwe. Ujenzi wa nyumba za familia za Waafrika uliachwa kwa miaka mingi. Mwanamume aliajiriwa kwa mkataba, akapewa kitanda katika bweni la wanaume. Mke wake alitakiwa abaki Transkei au Ciskei, katika zile zilizoitwa nchi za asili, ambako ardhi ilikuwa imechoka na fedha zilitegemea barua ya mume. Barua isipofika, mwanamke hufanya nini? Hupanda basi. Akifika mjini hana kibali, na kwa sababu hana kibali hapati ajira ya halali, na kwa sababu hapati ajira ya halali hununua gunia la machungwa na kukaa chini barabarani.

Hapo ndipo kuku na sheria vinapokutana. Biashara ndogo katika mchezo huu haikuwekwa ili kutupatia mandhari ya Kiafrika yenye rangi na kelele. Ni matokeo ya kifungu cha 10, sawasawa na vile muhuri ulivyokuwa matokeo yake. Na ndiyo maana jukwaani hamna haja ya mtu kusimama na kutoa hotuba ili siasa ianze: mwanamke anayetazama kushoto na kulia kabla ya kupanga machungwa yake tayari ameshasema anachoishi nacho. Yeyote aliyewahi kumwona mama ntilie akikunja meza kwa sekunde chache baada ya kusikia mluzi kwamba mgambo wanakuja ataelewa mtazamo huo wa macho bila kufasiriwa, ingawa sheria za huku na za kule hazifanani kwa ukatili.

Mchezo wa 1986 haukuwa wa kwanza kutoka katika mazingira hayo. Mwaka 1975 familia zilizokataa kutengana zilianzisha makazi ya mabanda yaliyoitwa Crossroads, nje kidogo ya Nyanga. Wanaume wengi wa Crossroads walikuwa na kazi na vibali. Waliohesabiwa kuwa wavunja sheria walikuwa wake zao na watoto. Kwa hiyo waliounda kamati ya kupinga ubomoaji walikuwa wanawake, na mwaka 1978 wanawake hao walitunga igizo lao wenyewe, Imfuduso, kuhusu kuhamishwa kwa nguvu. Hawakuwa waigizaji. Walicheza uvamizi wa polisi walioujua kwa sababu ulikuwa umewakuta. Mwaka uliofuata serikali ilisita kuyabomoa makazi hayo, baada ya kelele za ndani na nje ya nchi. Sidai kwamba igizo ndilo lililoizuia tingatinga. Ninachosema ni kwamba wanawake wa Cape Town walikuwa tayari wameshagundua kwamba jukwaa ni mahali pa kutolea ushahidi, miaka minane kabla ya Sdudla na wenzake kufika sokoni.

Mwaka 1986 wenyewe ulikuwa wa ajabu. Mwezi Julai serikali ilifuta sheria za kudhibiti Waafrika kuingia mijini, na kwa karatasi mchezo ulikuwa unashambulia kitu kinachokufa. Lakini wiki chache kabla ya hapo, mwezi Mei na Juni, makazi yaliyoizunguka Crossroads yalichomwa moto na wanamgambo waliofunga vitambaa vyeupe, polisi wakiwa upande wao, na makumi ya maelfu ya watu wakabaki bila paa. Tarehe 12 Juni hali ya hatari ilitangazwa nchi nzima. Sheria inaweza kufutwa kwa saini moja. Ukuta uliojengwa kati ya mke na mume kwa miaka 40 hauwezi.

Sasa tutazame namna ulivyotengenezwa, kwa kuwa hapa pia pana mkanganyiko. Watu huuliza mwandishi wa mchezo ni nani, wakitarajia jina moja. Haukuandikwa mezani. Ulitengenezwa kwa njia iliyokuwa imeenea Afrika Kusini wakati huo, ambapo waigizaji huleta mazoezini mambo waliyoyaona na kuyasikia, huyaigiza bila maandishi, hukosoana, hutupa, huchagua, na maandishi huja mwisho. Njia hiyo ilikuwa imepata sifa kupitia mchezo Woza Albert! wa mwaka 1981, ambamo Percy Mtwa na Mbongeni Ngema, wakiwa wawili tu, walicheza jamii nzima, na Mzungu alijulikana kwa nusu ya mpira mdogo wa rangi ya waridi uliowekwa puani. Nyuma yake kulikuwa na fikra za Jerzy Grotowski wa Poland kuhusu jukwaa maskini, lisilohitaji chochote ila mwili wa mwigizaji. Katika vitongoji nadharia hiyo ilikubalika bila ubishi, kwa sababu umaskini wa jukwaa ulikuwa tayari umeshafika.

Lakini mbinu ile ile mikononi mwa wanawake hubadilika maana. Wanaume wawili wanapocheza jamii nzima, wanawake wa jamii hiyo huonekana kwa sekunde chache, mara nyingi kwa sauti nyembamba na shali kichwani, na hadhira hucheka. Wanawake watatu wanapocheza jamii nzima, mwanamume ndiye anayekuwa kiigizwa. Chukua mume anayerudi nyumbani. Mwigizaji anapanua hatua, anashusha mabega, anakaa na magoti yakiwa mbalimbali, anadai chakula, na kabla hajamaliza kudai amekwisha kurudi kuwa mwanamke yule yule aliyekuwa anapika. Katika mwili mmoja tunaona anayeamuru na anayeamriwa. Kicheko kinachotoka ukumbini hapo ni cha kujua, na naamini ndicho chenye makali kuliko nyimbo za maandamano zinazofuata, ambazo, niseme ukweli, nyakati nyingine huufanya mchezo uonekane kama mkutano wa hadhara wenye mapumziko ya vichekesho.

Mchezo haukuishia kumlaumu Kaburu peke yake. Mume naye ana hesabu ya kutoa. Katika mwaka ambao michezo mingi ya ukombozi ilimwita mwanamke mama wa taifa na kumweka pembeni akisubiri kumlilia mwanawe shujaa, kusema jukwaani kwamba nyumbani kwenyewe kuna bwana mdogo kulihitaji ujasiri. Wapo wahakiki walioona kwamba hata hivyo wanawake hawa hubaki wakiheshimiwa kwa uvumilivu wao na kwa umama wao. Hoja hiyo ina uzito. Mimi naipima kwa kuangalia wanachofanya watu hao sokoni: wanapatana bei, wanakopeshana, wanadhihakiana maumbo. Jina Sdudla lenyewe maana yake ni mnene, ilhali Mambhele ni heshima ya ukoo, kwa kuwa mwanamke wa Kixhosa huitwa kwa jina la ukoo wa baba yake hata baada ya kuolewa, kama vile huku mtu anavyoitwa Mama Fulani kwa jina la mwanawe. Mtu mwenye jina la utani na jina la ukoo kwa pamoja ni vigumu kumgeuza sanamu.

Kuhusu umiliki wa kazi, jina la Klotz, ambaye ni Mzungu, ndilo linalotangulia katika kumbukumbu nyingi, na majina ya waigizaji watatu hufuata, pale yanapofuata. Suala hili halikuwa la Cape Town peke yake. Huko Kamĩrĩthũ, karibu na Limuru nchini Kenya, wanakijiji walichangia mazungumzo, nyimbo na masahihisho ya mchezo maarufu wa Kigĩkũyũ wa mwaka 1977, na jalada likabaki na majina ya waandishi wawili. Anayeuweka mchezo kwenye karatasi huonekana kuliko anayeuweka mwilini. Klotz mwenyewe aliendelea na kazi ya jamii: mwaka 1988, pamoja na Smal Ndaba, alianzisha kituo cha sanaa cha Sibikwa huko Benoni, mashariki ya Johannesburg, kinachofundisha vijana wa vitongojini.

Lugha ya mchezo ni mchanganyiko wa Kixhosa, Kiingereza na maneno ya Kiafrikana, na mchanganyiko huo una mpangilio wake. Amri ina lugha yake, na umbea una lugha yake. Msikilizaji wa Kiswahili asiyejua hata neno moja la Kixhosa angeshtuka kusikia inkuku na kujua kwamba kuku amefika sokoni, na abantu wangemfikia bila mkalimani. Kama siku moja mtu atauleta mchezo huu kwa Kiswahili, na ningependa aulete, kazi ngumu haitakuwa kwenye maneno ya siasa. Itakuwa kwenye miito ya wauzaji, kwa sababu kila soko lina tuni yake ya kuita, na tuni ya Kariakoo haiwezi kukopeshwa Nyanga.

Ili kuona mchezo huu ulivyokaa kati ya mingine, inafaa kumkumbuka aliyeitangulia yote. Gibson Kente, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 2004, ndiye aliyejenga hadhira ya vitongojini kwa michezo ya muziki iliyozunguka kumbi za jamii nchini kote tangu miaka ya 1960. Wanawake walikuwemo kwa wingi, lakini kwa sura zilizojulikana kabla hawajafungua kinywa: mama mlokole, mke mgomvi, mwenye kilabu cha pombe. Huyu wa mwisho anastahili maelezo. Utengenezaji wa pombe nyumbani ulipigwa marufuku ili manispaa ziuze zenyewe na kupata mapato, na kwa mwanamke asiye na kibali pombe ilikuwa, kama machungwa, njia ya kumlisha mtoto. Mwaka 1959 wanawake wa Cato Manor, Durban, walivamia kumbi za bia za manispaa kwa sababu hiyo. Fatima Dike, aliyezaliwa Langa mwaka 1948, alimchukua mwenye kilabu huyo wa vichekesho na kumpa sebule yake mwenyewe katika So What's New? ya mwaka 1991, ambamo wanawake watatu wa Soweto wanafuatilia tamthilia ya Kimarekani kwenye televisheni huku ghasia za kisiasa zikiendelea nje. Hawaombi radhi kwa kupenda televisheni. Hiyo ilikuwa hatua nyingine.

Na mwaka ule ule wa 1986, katika Market Theatre ya Johannesburg, Gcina Mhlophe alitoka na Have You Seen Zandile?, mchezo uliotokana na utoto wake, ambao kwa mtazamo wangu ni ndugu wa damu wa ule wa Cape Town ingawa hauna soko wala maandamano. Zandile ana miaka minane na anaishi na bibi yake karibu na Durban. Katika onyesho moja anacheza ualimu bustanini. Wanafunzi wake ni maua, na kwa kuwa mkaguzi Mzungu anakuja, anawaambia wachague majina ya Kizungu. Siasa yote ya elimu ya wakati ule imo katika mtoto mmoja anayeyagombeza maua. Baadaye upande wa mama yake unamchukua na kumpeleka Transkei, na bibi anabaki akimtafuta, asijue aliko.

Zandile anarudi akiwa msichana mkubwa. Bibi amekwisha kufa, ila ameacha sanduku. Ndani yake mna zawadi alizomnunulia mjukuu wake miaka yote ile, zimekunjwa vizuri, zikimsubiri mtoto wa miaka minane. Mwigizaji anatoa gauni, analiweka kifuani kupima, na hadhira nzima inaona linapoishia.